Dakika Arobaini za Bibi Ng'aire

Naliaka wangu,

Jua bado limesimama kwenye dirisha la jikoni. Wewe umeenda College Park kuwaaga rafiki zako, na Tamati amepeleka gari likajazwe upepo, ili kesho asubuhi tukufikishe uwanja wa ndege bila wasiwasi. Nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu. Sanduku lako liko karibu na mlango, na mara tatu nimejizuia kulifungua nikuongezee kitu.

Sikuandikii habari ya baridi ya Minnesota uendako, wala ya kula vizuri, wala ya kunipigia simu Jumapili. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyaigiza kwa sauti yangu. Nakuandikia habari ya kile kiti cha mbao, kile kilichokuumiza goti. Na nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoniambia Jumanne, ukiwa umeegemea friji.

Tamati alikuwa amekuuliza kama angeweza kukubebea sanduku siku ya safari. Hukumjibu. Ulipita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya pazia. Alipotoka nikakuuliza, "Wewe Naliaka, hata salamu imekushinda?" Ukanijibu kwa Kiingereza chako kile cha upole kinachokata, kwamba heshima lazima mtu aistahili kwanza. "Wewe uliistahili, Mum. Ulikaa na mama yake alipokufa, wakati hapakuwa na mtu mwingine. Yeye amefanya nini? Amekuoa tu."

Amekuoa tu! Mwanangu, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Wiki saba tangu harusi, na bado nikisikia gari lake likiegeshwa pale chini natengeneza nywele, mimi mwanamke wa miaka arobaini na minne. Nampigia pasi hadi soksi. Asubuhi ananiamkia kwa kuweka paji lake la uso na pua yake juu ya vyangu, tunavuta pumzi moja, halafu naenda kazini nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni. Najua unageuza macho ukisoma haya. Geuza tu. Mama yako amependwa, na hajui kulificha.

Lakini si neno hilo lililokaa kifuani mwangu tangu Jumanne. Ni lile la kwanza, kwamba mimi niliistahili.

Naliaka, sikukaa.

Hakuna anayejua ila Tamati, na yule Mama Furaha wa kanisani anajua nusu. Wewe umelitumia jambo hilo kama fimbo ya kupimia watu, na fimbo yenyewe ni mbovu. Sitakuruhusu uondoke nayo.

Wewe hukuwahi kumwona Bibi Ng'aire akiwa hai, kwa hiyo nianze naye. Alikuwa Mmaori, watu waliokuwa New Zealand kabla Wazungu hawajafika. Alikuja Amerika na mumewe, mhandisi, wakanunua nyumba kule Germantown, mumewe akafa, naye akabaki juu ghorofani kitandani, akiwa na moyo uliochoka. Wauguzi wote walilivunja jina lake. Mimi, niliyetumwa na shirika kumtunza, nililitamka siku ya kwanza, maana ile ng' yake ni ya ng'ombe, tumekua nayo mdomoni. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe wewe una watu."

Hakuniuliza nina vyeti gani. Aliniuliza mlima wangu ni upi na mto wangu ni upi. Nikadhani ni akili ya uzee. Nikamwambia Elgon, nikamwambia Nzoia. Akasema, "Si mimi. Waambie wao," akaonyesha mlangoni.

Wao walikuwa picha. Ukuta wote wa ngazi, toka chini hadi mlango wa chumba chake, ulikuwa umejaa picha za waliokufa. Hapakuwa na picha hata moja ya mtu aliye hai. Hata ya Tamati ilikaa upande mwingine, sebuleni. Juu kabisa palikuwa na mwanamke mwenye chale za samawati kidevuni, mama yake bibi. Kwa hiyo mimi, nimevaa sare na kandambili za plastiki, nikasimama kwenye ngazi za Germantown saa nne asubuhi nikawaeleza watu wa kwenye ukuta natoka mlima gani. Niliona aibu. Nikamwambia bibi, "Lakini mimi sijafanya lolote hapa, nina dakika kumi tu tangu niingie." Akasema, "Wewe bado. Waliokutangulia wameshafanya."

Tangu siku hiyo sikupita ngazi zile peke yangu. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilikuwa nikipanda na trei ya chai, na mgongo wangu unajua. Hapakuwa na sauti wala kivuli. Ilikuwa kama unapoingia chumba ambacho watu walikuwa wanaongea, wakanyamaza kwa sababu umeingia, na hawajachukia.

Siku moja nilifua vitambaa vya kufutia vyombo pamoja na shuka zake. Mashine ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha chini ya ardhi, mlango umefungwa. Nilipopanda, bibi alikuwa amekunja uso. "Kinachogusa chakula hakifuliwi na kinacholala na mwili," akasema. "Usirudie."

Nikauliza, "Nani amekuambia?"

"Huyo mwenye kidevu. Amekasirika kidogo. Nimemwambia wewe ni mgeni, utajifunza." Kisha akacheka mpaka nikamwekea mrija wa hewa puani.

Nami nikacheka, lakini nilishuka nikavifua vile vitambaa upya, mbali na shuka.

Alikufa siku ya Alhamisi asubuhi, mwezi wa kumi, jua likiwaka na majani ya miti yote ya ule mtaa yakiwa mekundu. Muuguzi mkuu alikuja, akathibitisha, akaandika, akaondoka. Gari la kumchukua lingefika saa kumi. Tamati alikuwa njiani kutoka New Zealand, alikoishi miaka ishirini akitengeneza madirisha na ngazi za watu. Alinipigia simu kutoka uwanja alipokuwa anabadilisha ndege. Sikuwa nimewahi kumwona ana kwa ana. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usimwache peke yake. Hata dakika moja. Kwetu marehemu haachwi. Kaa karibu naye, zungumza naye kama anakusikia."

Nikasema, "Nitakaa, kaka. Usiwe na wasiwasi."

Nilivuta kile kiti cha mbao kando ya kitanda. Nikamwambia bibi habari zako, kwamba umefaulu hesabu. Nilikuwa nimeiweka mikono yake kifuani, mmoja juu ya mwingine. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini nilipokisikia kipandio cha chini kabisa cha ngazi kikilia. Unajua mbao zinavyolia mtu akikanyaga. Kisha cha pili. Kisha cha kwanza tena, kama kuna mwingine nyuma. Walikuwa wanapanda bila haraka, wengi, kama watu wanavyoingia matangani wakipeana nafasi. Na ikaja harufu ya udongo uliolowa, siku ambayo mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili.

Ningeweza kukudanganya kwamba shirika lilinipigia kuniambia zamu imekwisha. Lilipiga kweli, lakini baadaye. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikisukuma kiti mpaka ukutani, nikachukua mkoba, nikashuka ngazi zile nimefumba macho, nikishika ukuta, na vidole vyangu vikagusa fremu moja baada ya nyingine. Nilifunga mlango wa nje kwa ufunguo. Nikaingia garini nikawasha joto.

Nilikaa mle dakika arobaini. Nilimpigia Mama Furaha. Unajua anavyoongea.

"Weye! Umeacha mufu peke yake?"

"Mama Furaha, kuna watu mle ndani."

"Watu gani? Unawajua?"

"Wa kwenye picha."

"Basi hao ni famille yake, wamekuja kumuchukua. Weye ndiye mugeni. Rudia kule, uwape pole, ukae kimya. Unatutia haya sisi wote."

Nikarudi. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile kwa ufunguo. Ngazi zilikuwa kimya. Nilipofika chumbani, kiti hakikuwa ukutani. Kilikuwa kimesogezwa karibu na kitanda, karibu kuliko nilivyokuwa nimekiweka mimi. Na mkono wa kulia wa Bibi Ng'aire haukuwa kifuani. Ulikuwa umelala ukingoni mwa blanketi, kiganja juu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mkono ambao mtu ametoka kuuachia sasa hivi. Nilikigusa kiti. Kilikuwa na joto.

Sikuketi. Nilisimama kando yake hadi gari lilipofika, nikisema pole, pole, pole.

Tamati alifika jioni ile. Mrefu, macho mekundu, koti limekunjamana. Aliweka uso wake juu ya wangu, mimi mtu asiyemjua, akasema, "Ulikaa naye." Na mimi, Naliaka, nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Unajua yaliyofuata, maana hapo ndipo ulipoanza kuyaona. Alimrudisha mama yake nyumbani kwa siku mbili kabla ya mazishi, akalazwa pale sebuleni jeneza likiwa wazi, nawe ulikuja na lile gauni lako jeusi. Ulinikuta nimeketishwa kando ya jeneza pamoja na wanawake wa ukoo. Kila aliyeingia aliambiwa, "Huyu ndiye aliyekaa naye," na wazee waliinama. Uliniangalia kwa macho ambayo hukuwahi kuniangalia nayo. Nilifurahi, na nilikuwa kama mtu aliyevaa nguo ya mtu aliyesimama nyuma yake akimtazama.

Kisha akaniletea kiti. Alikibeba mwenyewe ngazi zote tatu hadi hapa Adelphi. "Ni chako," akasema. "Wewe ndiye uliyekikalia."

Mengine wewe ni shahidi. Kila tuliporudi jioni tulikikuta kimevutwa kutoka mezani, kimeelekezwa kwenye kochi nilipokuwa nikilala mchana siku za zamu ya usiku. Ulikuwa unapiga kelele, "Mathe, nani anakaa hapa?" Nami nakwambia, "Si wewe? Acha mchezo." Siku uliyojikwaa ukachubuka goti ulilia kwa hasira ukaniapia kwamba hujakigusa. Nilikujibu vibaya, nikakuita mwongo. Nisamehe, mwanangu. Siku zangu za mapumziko, nikiwa peke yangu, nilikuwa nafua nguo hapo bafuni nikakisikia kikiburuzwa sakafuni, pole pole, saa nane na dakika ishirini. Nikitoka kimesimama, kinanitazama. Miezi saba.

Na miezi yote saba Tamati alikuwa anakuja, anarekebisha kabati zetu, ananichekesha. Nilikuwa nampenda, na kila aliponitendea kwa heshima nilihesabu kwamba ile ni ya mtu mwingine.

Hapa nikwambie kitu kuhusu baba yako, nami sitakitia chumvi. Alikuwa na maneno kama yako. Kule Kitale alisema ataniheshimu nikistahili. Nilijaribu miaka tisa. Nilinyamaza alipotaka kimya, nikaongea alipotaka maneno, nilipika, nilijifunga leso, nilifungua leso. Kila nilipofika pale aliposema, alikuwa amesogea mbele. Sikujua kwamba ndivyo ilivyo: mtu anayeshika kipimo ndiye anayeamua kikombe kimejaa lini. Ndiyo sababu sauti yake ilipotoka kinywani mwako Jumanne, nilishika ukingo wa sinki.

Nilimwambia Tamati ukweli siku tulipomaliza kuhamisha vitu vya Germantown. Nyumba ilikuwa tupu, ukuta wa ngazi una mistatili myeupe tu pale picha zilipokuwa. Nilimwambia yote, kuanzia kilio cha ngazi hadi lile "ndiyo." Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitazama viatu vyangu.

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akizunguka lile bwawa dogo la mtaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi uso wake ulikuwa mgumu.

"Nimekasirika," akasema. "Nitakasirika kwa siku kadhaa. Alikuwa mama yangu."

"Najua."

"Lakini inua kichwa. Usisimame hivyo ndani ya nyumba hii kama mtu asiye na mlima."

"Heshima yenu haikuwa yangu, Tamati. Sikuistahili."

"Nani amekuambia tulikuheshimu kwa sababu ya kiti?" Alikuwa karibu kupaza sauti. "Mama alikuheshimu kabla hujamwosha hata mguu. Aliniambia kwenye simu: amekuja mwanamke wa Elgon."

Wana neno lao, mana. Tamati anasema halitafsiriki, halafu anatumia saa nzima akilitafsiri huku chai inapoa. Nilivyoelewa mimi ni uzito wa mtu. Sehemu unazaliwa nayo, imetoka kwa waliokutangulia, hujaifanyia lolote. Sehemu inaongezeka kwa namna unavyowatendea watu, na hao watu ndio wanaoiona, huwezi kujitangazia. Na ukimkanyaga mtu mwingine, hata aliyekukosea, hata ukiwa na haki, ni yako inayopungua. Siku ile alikuwa na kila sababu ya kunikanyaga. Mimi nilikuwa nimejilaza kabisa, tayari. Akakataa. Hapo ndipo nilipoolewa, Naliaka. Kanisani tulienda tu kuwaambia watu.

Nikamwuliza, "Ni nani aliyekaa naye?"

Akatazama ile mistatili ukutani. "Nadhani namjua," akasema.

Wiki iliyofuata tulienda makaburini, nawe ulikuwa nyuma ya gari na vile vidude masikioni. Uliniona nikipiga magoti nikiongea peke yangu, kisha tukiosha mikono kwa maji ya chupa getini tukitoka, kama ilivyo desturi yao, ukacheka ukasema tunaonekana kama madaktari wanaotoka kupasua mtu. Nilikuwa nimemwambia Bibi Ng'aire kwa Kibukusu kwamba nilimwacha, na kwamba niliwaogopa watu wake baada ya wao kunipokea. Nilisema kwa sauti, kama Tamati alivyonielekeza, maana jambo la kusemwa kwa marehemu husemwa kwa mdomo. Tangu siku hiyo kiti hakikutoka mezani. Umesahau kulalamika, ndiyo maana hukutambua.

Sijui kama umeniona mdogo sasa. Kalamu imesimama hapa muda mrefu. Nilitaka sana uondoke na yule mama aliyekaa. Ila yule mama hakuwepo, na ungemtumia maisha yako yote kuwapima watu, na mwisho ungejipima mwenyewe kule Minnesota siku utakayoogopa ukakimbilia garini. Siku hiyo itakuja. Inua kichwa siku hiyo.

Sikuombi umwite Tamati baba. Hajaomba. Wala sikuambii yeye ni mtu mkamilifu. Anakoroma, na anaweka chumvi kabla ya kuonja. Nakukumbusha tu jambo ulilosimuliwa nawe ukiwa mdogo. Ulipozaliwa ulilia siku tatu. Tulikuita jina hili na lile, ukazidi kulia, hadi mama yangu aliyekuwa amekupakata akataja Naliaka, bibi yake aliyekufa zamani. Ukanyamaza kama taa iliyozimwa. Ukafungua macho ukamtazama kama unamfahamu. Na wazee wote mle chumbani wakainuka, mmoja mmoja, wakakuamkia, "Mulembe, Naliaka," kwa heshima anayopewa mwanamke mzee. Ulikuwa na siku tatu. Ulikuwa umefanya nini?

Sasa lile la mwisho, halafu nitafunga bahasha, maana nasikia kama gari lake.

Ulipotoka leo mchana nilishuka nawe hadi kituo cha basi. Tamati alikuwa ameshaondoka na gari. Niliporudi, kiti hakikuwa mezani. Kiko mlangoni, karibu na sanduku lako, kimesogezwa kabisa, jinsi mtu anavyosogea akitaka kushika mkono. Nilitazama saa. Unajua ilikuwa saa ngapi.

Nilimpigia Tamati. Akasema, "Si mimi." Kisha akauliza taratibu, "Unaogopa?" Nikajipima, nikaona hapana. Safari hii sikushika mkoba. Nilikigusa. Kina joto. Nimeketi sakafuni kando yake na karatasi hizi magotini, na ndipo ninapoandikia tangu mwanzo, sikukuambia tu.

Kama ni wewe uliyekisogeza, usiniambie. Kama si wewe, basi kuna mtu ameamua kutokuacha peke yako, na sijui kama ni wa kwangu au wa kwake, mwenye kidevu au mwenye jina lako. Sitakirudisha mezani. Kesho asubuhi ukipita hapo, sema mulembe. Hutauliza kwanza amefanya nini.

Na ukishamwamkia huyo usiyemwona, inua macho. Kutakuwa na mwanamume mrefu kwenye ngazi, mikono mitupu, anangoja kuambiwa kama anaweza kubeba sanduku.

Mama yako,
wa Elgon na Nzoia